Kinywaji cha sikukuu cha mtindi, mayai na kungumanga: namna ya kukitengeneza nyumbani bila kukijaza sukari

#1 Jiko la Uani (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Kila Desemba ikikaribia, ukumbi huu wa mapishi hupokea maombi ya namna ya kutengeneza eggnog, kile kinywaji kizito cha maziwa, krimu, mayai na sukari ambacho Wamarekani na Wakanada hukinywa wakati wa Krismasi, na ambacho wengi wetu tumekijua kupitia filamu zao au kupitia ndugu waliohamia huko. Asili yake ni Uingereza, ambako katika Zama za Kati watu waliyapasha maziwa moto wakayachanganya na mvinyo au bia pamoja na viungo. Kilipofika katika makoloni ya Marekani, karne ya 18, ndipo kilipokutana na ramu ya visiwa vya Karibi. Majibu yanayotolewa humu huwa ya aina mbili: ama mtu hunakili vipimo vya Kimarekani vyenye krimu nyingi na kikombe kizima cha sukari, ama husema "weka mtindi, ni afya" kisha akanyamaza. Nimefungua uzi huu kwa sababu majibu yote mawili hayamsaidii anayesimama jikoni.

Msimamo wangu ni kwamba mtindi ni kiungo kizuri sana cha kinywaji hiki, lakini hauwezi kufanya kazi ya moto, wala hauwezi kuifuta sukari iliyokwisha kumiminwa. Usalama wa mayai hutokana na kuyapika, na wepesi wa kinywaji hutokana na kuondoa krimu na kupunguza sukari. Mtindi huleta uzito bila krimu, uchachu unaofanya kinywaji kisikinaishe, na bakteria hai, iwapo tu hatujawaua sisi wenyewe kwa kuuchemsha.

Nianze na krimu na sukari, kwa kuwa hapo ndipo penye tofauti kubwa. Kanuni za Marekani zinataka eggnog ya kiwandani iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 6, ilhali maziwa ya kawaida ya ng'ombe yasiyoenguliwa yana takriban asilimia 3.5. Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Sasa mtu akitia kikombe cha sukari, chenye gramu 200 hivi, katika kinywaji cha watu sita, kila mmoja amekunywa gramu 33 kabla hajagusa keki wala soda. Sukari ya asili iliyomo ndani ya maziwa haimo katika hesabu hiyo.

Vipimo vyangu kwa glasi sita ni hivi: maziwa nusu lita, mtindi mzito nusu lita, viini vinne vya mayai, sukari vijiko vikubwa viwili vya msawazo (takriban gramu 25, ambazo zikigawanywa kwa sita ni kama gramu 4 kwa glasi), kijiti kimoja cha mdalasini, punje tano za iliki zilizopondwa, kungumanga iliyokunwa robo ya kijiko cha chai, chumvi chembe tu, na vanila kidogo kwa anayeipenda. Tusisahau kwamba kungumanga, ambayo Wamarekani huikuna juu ya glasi zao, huoteshwa Unguja pamoja na mdalasini na iliki, na kwamba vanila hulimwa Kagera. Mtu wa Muheza au wa Bukoba hana sababu ya kununua chupa ya viungo iliyosafiri kutoka Ulaya. Nunueni kungumanga nzima na kuikuna wakati wa kutumia, kwa kuwa ile iliyosagwa zamani hubaki na uchungu harufu ikiwa imekwisha. Ila msizidishe: kungumanga kwa wingi, kuanzia kijiko kimoja au viwili vya chai kwa mtu mmoja, humlewesha na kumdhuru anayeila, kwa hiyo robo kijiko kwa watu sita inatosha kabisa.

Kwa wanaotaka kutengeneza mtindi wao, na mimi nawasihi wafanye hivyo, siri kubwa iko kwenye kuyachemsha maziwa vizuri. Watu wengi huyachemsha kwa ajili ya usalama, jambo ambalo ni la lazima kwa maziwa ya kununua mtaani kwa sababu ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, lakini huyaepua mara tu yanapopanda. Yaacheni kwenye moto mdogo dakika 10 zaidi huku mkikoroga. Joto hilo hubadilisha protini za maji ya maziwa, zikashikamana na kasini, ambayo ndiyo protini inayoganda, na mtindi ukawa mzito usioachana na maji. Kisha yapoeni hadi yawe ya uvuguvugu, mtie vijiko viwili au vitatu vya mtindi wa jana kwa kila lita, mkoroge, mfunike na kuyaacha mahali palipotulia. Chachu ya mtindi wetu wa kawaida hufanya kazi vizuri katika joto la chumba, na maziwa huganda katika saa 18 hadi 24. Anayetumia yogati ya dukani kama chachu aelewe kwamba bakteria wake hupenda joto la nyuzi 43 hivi, kwa hiyo chombo kifungwe kwenye blanketi au kiwekwe ndani ya hotpoti. Humo hazipiti saa nane. Yogati hiyo iwe ile isiyo na ladha ya matunda, na isiwe iliyopashwa moto tena baada ya kuganda, maana hiyo haina tena kitu kilicho hai.

Mtindi ukishaganda, uchujeni kwa kitambaa safi kwa saa moja hivi ili uwe mzito. Maji yatakayotoka msiyamwage, yanakandia chapati vizuri sana.

Sasa upishi wenyewe. Yapasheni maziwa pamoja na mdalasini, iliki na chumvi hadi yakaribie kuchemka, kisha myaache dakika 15 yanywe harufu ya viungo. Pigeni viini na sukari kwenye bakuli hadi rangi ipauke. Chujeni maziwa, yapasheni tena, kisha myamimine juu ya viini kidogo kidogo huku mkipiga bila kuacha, ili viini vizoee joto badala ya kuivia papo hapo. Rudisheni mchanganyiko wote kwenye sufuria, moto uwe mdogo kabisa, na mkoroge kwa mwiko mkifika hadi pembeni na chini. Mwenye kipimajoto afikishe nyuzi 71 na kuendelea, asivuke 80. Asiye nacho auchovye mwiko, autoe, apitishe kidole mgongoni mwake: mfereji wa kidole ukibaki wazi bila kujifunga, mchanganyiko umeiva. Ukiuacha upite hapo, mayai yatakatika na utapata kimanda chembamba ndani ya maziwa matamu. Mimi natumia viini peke yake kwa sababu ute mweupe huganda mapema zaidi na ndio unaoleta mabonge.

Uepueni, msiuache kwenye sufuria ya moto. Umimineni kwenye bakuli lililokaa juu ya maji baridi, mkoroge hadi upoe, kisha muuweke kwenye jokofu. Ni baada ya kuwa baridi kabisa ndipo mtindi, nao ukiwa baridi na umepigwa peke yake hadi ukalainika, unapochanganywa nao. Hatua hii ndiyo inayoharibiwa na wengi. Mtindi ukikutana na mchanganyiko wa moto hukatika na kuwa chengachenga, na bakteria waliomo hufa, hivyo mtu akawa amejisumbua bure. Acheni kinywaji kitulie kwenye jokofu saa nne, kikorogwe, kikunwe kungumanga juu yake, kinywewe.

Ninakaribisha maswali.

#2 Mtoto wa Tanga

Shukrani, mleta mada, kwa maelezo yaliyonyooka. Kwetu nyumbani tunasherehekea Idi, na mke wa kaka yangu anayeishi Toronto alitushauri tutumie kefir badala ya mtindi kwa madai kwamba ina bakteria wa aina nyingi zaidi. Hata hivyo, mama yetu amesikia kwamba kefir ina kileo, na amekataa isiingie jikoni mwake. Je, ana haki?

#3 Jiko la Uani (mleta mada)

Ndugu yangu wa Tanga, mama ana hoja. Kefir, ambayo asili yake ni milima ya Kaukasi, huchachushwa na chembe zenye bakteria pamoja na hamira, na hamira hizo ndizo zinazozalisha gesi kidogo na kileo kidogo. Kiwango chake hutegemea muda na joto la kuchachushia. Kwa kawaida ni kidogo, lakini kipo. Mtindi wetu na yogati huchachushwa na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao kazi yao ni kugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, kwa hiyo hauna tatizo hilo. Kuhusu hukumu ya kiwango hicho kidogo, hilo ni la sheikh wenu, si la mpishi. Ushauri wangu wa kijikoni ni kwamba familia inapokuwa na shaka, mtindi unafaa vilevile, na hakuna mgeni atakayeonja akasema kuna kitu kimepungua. Kwa meza ya Idi ningeongeza iliki hadi punje nane na kupunguza kungumanga, kwa sababu ladha hiyo inaoana vyema na tambi na mkate wa kumimina.

#4 Hoja Kwanza

Nina pingamizi. Wazungu wenyewe huweka mayai mabichi kwenye kinywaji hiki na wanaishi. Tena mtindi ni mchachu, na sote tunajua kwamba vijidudu havipendi uchachu. Sioni kwa nini tupoteze nusu saa tukikoroga sufuria.

#5 Jiko la Uani (mleta mada)

Mkuu, uchachu wa mtindi huzuia salmonela kuongezeka haraka, lakini kuizuia isiongezeke si sawa na kuiua. Bakteria huyo anaweza kubaki hai siku kadhaa ndani ya mtindi uliohifadhiwa baridi. Zaidi ya hapo, ukishachanganya mtindi na maziwa na viini, ule uchachu unaoutegemea umekwisha kupungua. Joto la nyuzi 71 nililolitaja ndilo ambalo mamlaka za chakula za huko huko Marekani huwataka wananchi wao walifikishe wanapotengeneza eggnog, na sababu ni kwamba meza ya sikukuu huwa na watoto wadogo, wajawazito na wazee, ambao kuhara kwao si jambo la kuchekea. Kuhusu muda, kukoroga kwenyewe hakuzidi dakika 10.

#6 Mfugaji wa Njombe

Naomba kuongeza jambo ambalo mleta mada hakuligusa, kwa sababu kila mwisho wa mwaka napigiwa simu na wateja wanaolalamika kwamba maziwa yamekataa kuganda. Mara nyingi chachu haina kosa. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa dawa za antibayotiki, mabaki ya dawa hutoka na maziwa kwa siku kadhaa, na dawa iliyokusudiwa kuua bakteria wa kiwele huwaua na hao wa mtindi. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa. Lebo ya dawa huonyesha siku ambazo mfugaji anapaswa kusubiri kabla ya kuuza, na mfugaji asiyeziheshimu anawadhuru walaji wake, si kwa mtindi tu. Kwa hiyo maziwa yakikaa siku nzima na chachu nzuri bila kuonyesha dalili ya kuganda, msiongeze chachu; mwulizeni mwuzaji.

Sababu nyingine ni chombo kilichooshwa kwa dawa ya madoa na kusuuzwa haraka haraka.

#7 Kibuyu Cheusi

Salamu kutoka Eldoret. Kwetu Krismasi haipiti bila mursik, maziwa yaliyolazwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet. Nauliza kama nikitumia hayo badala ya mtindi nitapata kitu kinachonyweka, au nitaharibu vitu viwili kwa mpigo.

#8 Jiko la Uani (mleta mada)

Ndugu wa Eldoret, kwa maoni yangu mursik ni bora inywewe ilivyo. Ule moshi wa kibuyu na kungumanga ni viungo viwili vinavyotaka kuongoza msafara mmoja, na rangi ya kijivu juu ya mayai haitawavutia wageni. Ukitaka sana kujaribu, acha kungumanga na mdalasini kabisa, ubaki na vanila na chumvi, na mursik iwe theluthi moja tu huku nafasi iliyobaki ikijazwa na maziwa lala ya kawaida. Kumbuka pia kwamba usalama wa maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu hutegemea kama yalichemshwa kwanza.

#9 Mama Pili

Dada, Mungu akubariki kwa somo hili. Baba mkwe wangu ana kisukari na tumbo lake halipatani na maziwa freshi, humjaa gesi. Nilifikiri nimtengenezee kwa tende badala ya sukari, kwa kuwa tende ni ya asili na haina madhara. Vilevile nimesikia kwamba mtindi hauna sukari ya maziwa. Je, niko sahihi?

#10 Jiko la Uani (mleta mada)

Mama Pili, nitajibu moja moja, kwa sababu hapa pana mambo ambayo watu huyachanganya.

Tende ni tunda lenye nyuzinyuzi, madini ya potasiamu na ladha nzuri inayokwenda vyema na iliki, na anayependa anaweza kuloweka tende sita zilizotolewa kokwa katika yale maziwa ya moto kisha akazisaga kwenye blenda kabla ya kuchanganya na viini. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Tende sita za ukubwa wa kawaida hubeba sukari isiyopungua ile ya vijiko viwili nilivyovitaja mwanzoni. Kwa mzee mwenye kisukari, kwa hiyo, kubadilisha sukari kwa tende ni kubadilisha ladha tu. Maziwa nayo yana karibu gramu 5 za sukari yake ya asili kwa kila mililita 100, na mtindi huwa nayo pungufu kidogo kwa kuwa bakteria hula sehemu yake, lakini haiishi. Maana yake ni kwamba glasi moja ya kinywaji hiki, hata bila kuongezwa chochote cha utamu, ina kama gramu 8. Mimi ningemtilia baba nusu glasi, isiyotiwa sukari wala tende, mdalasini na vanila vikizidishwa ili pua isaidie ulimi, na aipate baada ya chakula, si kabla. Kama ana kiwango alichopangiwa kliniki, nusu glasi hiyo ihesabiwe ndani yake.

Kuhusu gesi, hapa ndipo mtindi unapostahili sifa zake. Watu wazima wengi duniani, tukiwamo sehemu kubwa ya Waafrika, miili yao hupunguza kimeng'enya kinachomeng'enya sukari ya maziwa baada ya utotoni. Bakteria wa yogati wakifika tumboni wakiwa hai husaidia kuimeng'enya, na mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliikubali faida hiyo kuwa imethibitishwa kisayansi, kwa sharti kwamba bakteria wawe hai na wawe wengi. Kwa baba yako, basi, badilisha vipimo: maziwa robo lita na mtindi robo tatu ya lita, kwa chachu ya yogati. Mchanganyiko wa viini utakuwa mzito zaidi na utaiva haraka, hivyo usiondoke jikoni.

#11 Hoja Kwanza

Nimesoma na nimekubali kupika. Sasa nina swali la kweli: kinakaa siku ngapi? Umeme wa huku kwetu si wa kuaminika.

#12 Jiko la Uani (mleta mada)

Mkuu, kwenye jokofu lenye baridi ya kweli, chini ya nyuzi 5, mimi hukinywa ndani ya siku mbili. Nje ya jokofu kisizidi saa mbili, na hiyo ni pamoja na muda ambao jagi linazunguka mezani. Kama umeme wenu unakatika mara kwa mara, hifadhini mtindi na mchanganyiko wa mayai katika vyombo mbalimbali, mchanganye kiasi cha kunywa wakati huo huo. Mtindi peke yake huvumilia umeme kukatika kwa saa kadhaa, utachachuka zaidi tu. Mchanganyiko wa mayai hauna uvumilivu huo, na ukikaa joto usiku kucha unamwagwa hata kama harufu yake ni nzuri.

#13 Mchaga wa Mbezi

Mleta mada, sisi wengine tunapanda kwenda Kilimanjaro tarehe 22, kama ada. Ninataka kuwashangaza wazee kwa glasi moja moja kabla mbege haijaletwa. Nikitengeneza Dar es Salaam nikapakia kwenye deli la barafu, kitafika?

#14 Jiko la Uani (mleta mada)

Ndugu yangu, ni zaidi ya kilomita 500, na foleni ya magari ya wiki hiyo unaijua kuliko mimi. Usibebe kinywaji, beba vinavyokitengeneza. Chukua kungumanga nzima mbili, vijiti vya mdalasini, iliki, chujio, na chupa ndogo ya mtindi mzuri wa kuwa chachu, ambao kwa uchachu wake utavumilia safari ya siku moja ukiwa ndani ya hilo deli. Maziwa na mayai yapo huko huko nyumbani, tena bora kuliko ya Mbezi.

Ukifika, chemsha maziwa jioni hiyo hiyo na kuyatia chachu. Kama kwenu ni juu mlimani, usiku huwa na baridi hata Desemba, kwa hiyo funga sufuria kwa blanketi na uiweke karibu na jiko lililozimwa, na uipe hadi saa 30 kabla ya kukata tamaa. Tarehe 24 asubuhi utachuja mtindi, mchana utapika viini, na jioni utachanganya. Kama hakuna jokofu, tengeneza kiasi cha glasi zitakazonyweka pale pale, upoze mchanganyiko wa viini ndani ya beseni la maji ya mferejini, ambayo huko kwenu ni baridi ya kutosha, na ugawe bila kuchelewa.